Umuvure wa Cirimwami

Candide alisikia harufu kabla hajafika uani: sabuni, na nyuma ya sabuni, javeli, dawa kali ya kung'arishia nguo. Nella, mke wa mwanawe, alikuwa amepiga magoti mbele ya umuvure, mikono imelowa hadi viwikoni, uso umejaa furaha.

"Mama, ona! Ilikuwa nyeusi, sasa inang'aa."

Umuvure ule, gogo lililochongwa ndani kama mtumbwi mfupi, ulikuwa kazi ya marehemu Cirimwami, mwaka waliohamia Gasenyi. Kwa miaka ishirini na sita Candide aliuosha kwa maji matupu na majani ya mgomba. Ndani yake maji ya ndizi yalichachuka yakawa urwarwa. Kila pombe iliuachia mti kitu, na mti ukaipa pombe iliyofuata. Majirani waliijua kwa funda moja: utamu, kisha moshi kwa mbali, kisha kitu kama gome baada ya mvua. Kwa Candide, kitu hicho kilikuwa Cirimwami. Miaka sita tangu wamzike, alikuwa bado anamwonja.

Na zilibaki siku kumi na tano wageni waje kumposa Raïssa, kitinda mimba wake.

Candide aligeuka. Aliingia ndani akaketi kitandani. Nella, aliyelelewa kwenye nyumba ya bia za chupa, alilijua kosa lake kutoka kwa jirani yao Amélie, aliyechungulia juu ya ua akashika kichwa.

"Yo! We mutoto, umemunyoa mzee nywele na ngozi yake!"

Hata hivyo walikamua ndizi, wakatia unga wa mtama uliokaangwa, wakafunika kwa majani. Siku ya tatu Amélie alionja, akatema.

"Hii ni ya kunywa ao ya kufulia?"

Jioni Candide alimkuta Nella anakunja vitenge vyake, analia.

"Mama, mi nirudi kwetu mbele wageni wafike. Wasinikute."

Candide alimtazama, akajiona mwenyewe. Bibi arusi mgeni, pombe yake ya kwanza katika umuvure mpya, chungu kwa ubichi wa mti. Alilia vilevile. Cirimwami, vumbi la mbao bado kichwani, aliimwaga yote shinani pa mgomba akacheka: "Mti unakunywa wa kwanza. Tuungoje." Waliungoja mara tatu. Alikuwa amesahau.

"Apana kulia," alisema, akavirudisha vitenge sandukuni. "Kesho tuamke mapema, tutafute ndizi."

Waliusuuza umuvure kwa maji ya moto, wakauanika, wakaufunika juu ya moshi wa majani makavu. Pombe ya pili waliimwaga pia. Povu lake lilikuwa na harufu ya sabuni bado, ingawa kidogo. Ya tatu iliiva asubuhi ya posa yenyewe. Candide alionja peke yake. Utamu. Moshi. Kisha, badala ya gome la mvua, ubichi mwepesi wa mti mchanga. Alifumba macho. Hakuwa yule Cirimwami waliyemzika. Alikuwa yule wa mwaka wa kwanza, aliyecheka.

Mchana, mzee Népomuscène, msemaji wa upande wa bwana arusi, alivuta funda kwa mrija. Watu wote walimtazama. Nella alisimama mlangoni, sinia mikononi, hapumui.

"Tuliambiwa hapa kuna pombe yenye moshi na gome," alisema mzee. "Hii siyo ile. Hii ni mpya. Nani ameipika?"

Amélie akakohoa. Candide angeweza kusema ni yake, naye angeaminiwa.

"Ni ya Nella, mukazana wangu."

Mzee akavuta tena, muda mrefu kuliko mwanzo, akafuta masharubu.

"Sasa anasimama huko mbali sababu gani? Aje, tunywe naye."

Candide akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka, ubavuni pake.