Nilisingizia Umeme, Tonton Akafukuzwa

Kosa ni langu. Sitalipamba, maana hadi leo sipendi kujitazama kwenye kioo.

Nilimaliza masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, nikapata kazi kwenye kliniki moja ya binafsi huku Kisangani, mkoani Tshopo. Serveri yetu ilikuwa kompyuta moja iliyobeba ndani yake kompyuta tatu zisizo na mwili, ndizo machine virtuelle. Moja ilitunza database ya wagonjwa: vipimo, damu, dawa, vyote.

Kila siku nilitakiwa kutoa kopi ya database kwenye diski ya nje. Sikutoa! Niliiachia serveri ijipigie picha ya mashine nzima na kuihifadhi humo humo. Mimi, ninayewaza kila jambo mara kumi, hilo sikuliwaza hata mara moja.

Jumanne asubuhi niliweka programu mpya, mashine ikakwama. Nikairudisha kwenye picha niliyodhani ni ya jana. Kumbe diski ilikuwa imejaa, picha mpya zilikoma kitambo, na hii ilikuwa ya wiki tatu nyuma! Wiki tatu za wagonjwa zikafutika mbele ya macho yangu.

Daktari mkuu akaingia. "Ingénieur, kumepita nini?"

"Docteur, ni courant. Ilikatika, na groupe ikachelewa kuwaka."

Uongo mtupu! Lakini Kisangani, ambako umeme hukatika kila mara, ukisema courant, nani atauliza tena?

Groupe, yaani jenereta, ilikuwa mikononi mwa Tonton Ramazani, mzee wa Maniema tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, aliyependa kunitania: "Kompyuta yako haina mwili, inakulaka mafuta yangu ya nini?"

"Muzee amechoka," daktari akasema. "Aende."

Nilisimama pale pale. Nikaacha afukuzwe. Ptuu!

Kabla ya kuondoka Tonton alipita kwangu. "Mutoto yangu, unisamehe. Kazi yako imeharibika juu yangu."

"Si kitu, Tonton." Si kitu! Mdomo huu ulisema hivyo!

Siku tatu niliendelea kwenda kazini na uongo wangu. Ijumaa nikamwambia daktari ukweli. Alinifukuza, ni haki yake. Lakini kazi ya jenereta tayari alikuwa amempa shemeji yake.

Nikaenda nyumbani kwa Tonton, nikasema yote. Alisikiliza hadi mwisho. "Basi mimi nilikuomba samahani ya nini?" Akaingia ndani. Sikukaribishwa kukaa.

Ninyi mnaochunga serveri, kopi inayolala kwenye diski ile ile si kopi. Itoeni nje, ifungueni, mhakikishe inasomeka. Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na mzee wa watu hana kazi.