Gunia la Mjomba Haji

Hadi leo nikisikia harufu ya makaa yanayoanza kushika moto, moyo hunienda mbio. Harufu yenyewe si mbaya. Ndiyo harufu ya utoto wangu Bububu, chini ya kilima cha Masingini. Waliozaliwa kwenye milima ya kweli wangekicheka kilima chetu, lakini kwa watu wa Unguja ule ndio mlima. Juu kulikuwa na msitu wa kivuli kizito, kima wakigombana asubuhi, na maji yakichuruzika kutoka chini ya mizizi kuelekea mjini. Baba yangu alikuwa mlinzi wa msitu huo. Kuni zilizoanguka zenyewe tuliruhusiwa kuokota. Panga lilikuwa marufuku. Baba hakuwa na masihara na kazi yake, na watu walimwogopa.

Ramadhani moja, Iddi ikikaribia, kaka yake mama, Mjomba Haji, mcheshi aliyetubeba mabegani hata tulipokuwa wazito, alituletea gunia la makaa kwa mapishi ya sikukuu. Mama alifurahi mno. Kwetu gunia la makaa hufunikwa mdomo kwa majani mabichi, kisha hushonwa kwa kamba yasimwagike. Mjomba alilifunika vizuri. Kosa lake ni kwamba majani aliyachuma pale pale alipochomea. Baba aliporudi jioni alichomoa jani moja, akaligeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe. Hata sisi watoto tuliujua mti ule: hauoti ila juu, karibu na chemchemi.

"Nani kaleta?" baba aliuliza.

"Kaka yangu." Mama akaliona jani. "Baba Asha, mwezi mtukufu huu. Mkanye tu."

"Nshamkanya sana. Na maji unayofuturia wewe yanatoka wapi?"

"Nnakuomba."

Baba alifuturu kwa tende na maji, akaswali, akaenda kumshitaki shemeji yake.

Mjomba alifungwa. Siku ya Iddi watoto huzunguka kwa jamaa kupewa mkono wa Iddi, vijisenti vya sikukuu, na sisi, kwa ujinga wetu, tulikwenda kwake kama kawaida. Mkewe alifungua mlango, akatutazama na nguo zetu mpya, akaufunga. Nyumbani mama aliendelea kumpikia baba na kumtengea, lakini hakukaa tena kula naye. Nilimchukia baba, kisha nikimuona anakula peke yake nilimhurumia hadi nikalia. Mjomba alipotoka alivukia bara, na hata kwenye msiba wa bibi, mama yake mzazi, hakuja.

Sasa naishi mjini, Mlandege, na napikia gesi. Nyumba za Bububu zimepanda hadi ukingoni mwa msitu, lakini msitu upo, na baba, Mungu amrehemu, ana sehemu yake katika hilo. Nikifungua bomba maji yakatoka, humwombea dua. Majuzi niliwapeleka wanangu wakawaone kima, nikapitia kwa mama kumwomba tufuatane. Alikuwa akipepeta mchele uani, na kilima kikionekana juu ya ukuta.

"Nendeni nyinyi," alisema bila ya kuinua uso. "Miti nnaiona hapa hapa nilipo. Kaka yangu ndiye nisiyemuona."