Pazia Katikati ya Meza

Likizo hii nimefika nyumbani nikakuta mama anapangusa madirisha kwa kitambaa cha maua mekundu, nikaliacha sanduku langu lianguke pale pale mlangoni. Mama akashtuka, akadhani nimefukuzwa shule. Siku hizi nikifanya jambo lolote ghafla yeye hudhani nimefukuzwa shule, na siwezi kusema hana sababu. Lakini mimi nilikuwa nakodolea macho kile kitambaa. Lilikuwa pazia letu la Obunga, mtaa wa mabanda wa Kisumu tulikokaa zamani.

Najua niko kidato cha tatu, na mtu wa kidato cha tatu akisema "zamani" wazee humcheka. Wacha wacheke. Kuna zamani ya miaka mingi na kuna zamani ya vitu vilivyokwisha, na mimi nina hii ya pili. Kaa nikuhadithie.

Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja cha mabati: baba, mama na sisi watoto watano. Kitanda kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali ili chini yake pakae makaa, mtungi wa maji, sufuria zote na, mvua ikinyesha sana, kaka yangu mdogo. Meza ilibanwa kati ya kitanda na ukuta, hivi kwamba sisi watoto tulikula tumejipanga ukingoni mwa kitanda kama kuku juu ya kijiti. Mama alipikia mlangoni, nusu ya mwili ndani, nusu nje. Akitaka chumvi alinyoosha mkono tu bila kuinuka. Sijui jiko lingine ambalo mpishi anafikia kila kitu akiwa ameketi, hata kichwa cha mtoto anayestahili kofi.

Ukuta kati yetu na jirani haukufika paa. Harufu ilivuka juu yake bila kubisha hodi. Ukikaanga kitunguu, ploti nzima ya wapangaji inajua. Usipokaanga, inajua zaidi. Mama alikuwa akisema, "Nyumba ya kupanga haina masikio, ina pua," na alikuwa akisema hivyo kwa sauti ya chini huku akitazama juu, pale harufu ilipopitia.

Mama alikuwa mkaangaji wa mgongo wazi. Kama hukulelewa Kisumu, huyu ni mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, ambaye viwanda vimemvua minofu yote ikapelekwa Ulaya, akabaki kichwa, uti wa mgongo na mkia, anaonekana kama chanuo kubwa lenye mdomo. Akina mama waliwanunua langoni mwa kiwanda, wakawakaanga kando ya njia kwenye karai. Waliobaki jioni walikuwa wetu. Na nikwambie, mashavuni mwa kile kichwa kuna nyama ambayo Ulaya haijui mpaka leo.

Nyumbani samaki alikuwa wa mwisho. Sheria ilikuwa hiyo. Unakula ugali na mchuzi huku ukimlinda kwa macho. Kipande chako unakijua, na unajua jirani yako anakijua pia. Ukipepesa macho, shauri yako. Ndiyo maana mimi nilijifunza kushuku watu kabla ya kujifunza kusoma.

Basi nyanya akaja. Nyanya huyu ni mama yake mama, kutoka upande wa Sondu. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa katika hospitali ya mjini, akafungwa kitambaa, akaambiwa arudi kliniki kila wiki mpaka daktari aridhike. Asiporudi, daktari alisema bila kuzungusha maneno, hilo jicho asahau.

Shida ikawa ni baba. Si kwamba alikuwa mbaya. Shida ni kwamba kwetu Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Mashambani hilo ni jambo rahisi: mmoja yuko nyumba hii, mwingine yuko kule ng'ambo ya ua. Lakini Obunga ng'ambo ya ua ilikuwa ploti ya mtu mwingine. Kulala, jirani yetu mjane alijitolea. Alikuwa na kitanda na hakuwa na mtu. Kula, mama alikataa katakata. "Mama yangu aombe chakula kwa jirani na mimi niko hapa nakaanga samaki? Watu wa Sondu watasema nini?"

Kwa hiyo akanunua pazia la maua mekundu, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Meza ilikuwa moja na haikuwa na mahali pa kusogea, basi pazia likaangukia katikati yake. Nyanya alikula upande wa mlangoni, baba upande wa kitandani, sahani zao zikiwa jirani kuliko sahani za bwana na bibi arusi. Kwa heshima kila mmoja aliketi ameupa upande wa mwenzake kisogo nusu. Baba aliongea na ukuta. Nyanya aliongea na mlango. Koroboi ilining'inia upande wa baba, kwa sababu alipenda kusoma gazeti la juzi.

Sijui kama zilikuwa zimepita siku nyingi au chache mama alipoanza kushuku. Alikuwa akimpa nyanya kichwa, chote, mashavu na macho, chakula cha mgonjwa. Na kila jioni sahani ya nyanya ilirudi safi. Safi kabisa, bila mifupa. Sasa niambie, mtu anakula kichwa cha mbuta, mifupa inaenda wapi? Kichwa cha mbuta ni mifupa mitupu na ahadi kidogo.

Mama akaniita nje. "Wewe ndiye mdogo wa kuvuka pazia bila lawama. Angalia nyanya yako anampea nani samaki." Nikajua anamfikiria nani. Alitupia jicho mlango wa mjane. Nyanya analala kwake bure. Huenda bure hiyo ina mkia.

Kabla sijaanza kazi, baba naye akaniita. Alikuwa na siri iliyomkosesha raha. "Mama yenu siku hizi ananiongezea samaki," akaninong'oneza. "Nikigeuka kutoka kwa gazeti nakuta kichwa kando ya sahani. Mwanamke akikuongezea samaki bila kuombwa, jua kuna wajomba njiani kuja kudai ng'ombe wa mahari waliobaki. Uliza uliza pole pole. Wanapanga nini huko ng'ambo?"

Ungekuwa na akili ungeunganisha hayo mawili pale pale. Mimi nilikuwa mtoto na nilikuwa nalipwa pande zote. Mama alinilipa ukoko wa ugali, baba alinilipa mkia uliokauka vizuri. Jasusi gani hufunga kesi inayomlisha? Tena baba hakukila kile kichwa mezani, aliogopa kukila ni kukubali lile ambalo angekuja kuombwa. Alikifunga kwenye gazeti, akakitia mfuko wa koti, akaenda kukila kazini asubuhi. Paka wa Obunga walimsindikiza hadi barabarani wakiimba. Mama aliwaona wale paka. Akashuku paka.

Halafu Jumamosi moja mambo yakalipuka bombani. Mjane alikuwa anateka maji huku anaimba wimbo wa kanisa, na mama akasema, bila kumtazama mtu, "Kuna watu wamenenepa sauti siku hizi. Samaki ya mgonjwa ni tamu."

Mjane akatua ndoo, akamwita mama binti wa Sondu kwa Kijaluo. "Nyar Sondu, hiyo ni mimi unaambia?"

"Nimetaja mtu?"

"Mimi nikitaka samaki nanunua! Nimelaza mama yako kwa kitanda yangu, mimi nalala chini kwa mkeka, halafu unaniita mwizi mbele ya watu? Sawa. Leo mama yako atafute pa kulala."

Mama alikuwa na jibu, sikuzote alikuwa na jibu, lakini nilimwona akilimeza. Alikuwa amekumbuka kliniki. Hakuna mtu mwingine kwenye ile ploti aliyekuwa na kitanda cha ziada, na kwetu nyanya hakuweza kulala hata kama mbingu ingemwangukia nje. Mchana ule ule nyanya akafunga kibeti chake kwa leso. "Nitaenda na basi ya asubuhi, nyathina, mwanangu," akamwambia mama. "Usigombane na watu sababu ya jicho moja. Hili lingine linaona." Mimi nilitazama kile kitambaa usoni mwake, na ukoko wa ugali niliokuwa nautafuna nikaurudisha sufuriani.

Jioni tukala kama tuko matangani. Mama alimwekea nyanya kichwa kikubwa kuliko vyote, akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Leo usimwondolee macho." Lakini upande wa nyanya ulikuwa giza. Nitaonaje? Nikasema kwa sauti, kwa ile heshima yangu ya uongo ambayo walimu wanaijua sana siku hizi, "Baba, nyanya hawezi kuona mifupa. Naomba koroboi." Baba angekataaje? Akaitoa msumarini, akanipa kwa mkono uliopita chini ya pazia. Nikaishika nyuma ya nyanya, karibu na mlango.

Hapo ndipo pazia likageuka sinema. Ndugu zangu kule kitandani, na baba aliyekosa mwanga wa gazeti akainua uso, wote waliona kivuli: mkono mkubwa wa kikongwe ukinyanyua kichwa cha samaki, macho na yote, ukitambaa nacho mezani taratibu kama mtu anayeiba sadaka. Pindo la pazia likainuka. Kichwa kikaingia upande wa baba kikitanguliza mdomo.

Kichwa kilibaki pale, nusu huku, nusu kule, kimeachama kama kinataka kusema kitu.

Baba akakohoa. Hakuweza kumsemesha mama mkwe uso kwa uso, basi akanisemesha mimi. "Mwambie nyanya yako kwamba mimi sina njaa."

Nyanya akageukia mlango zaidi. "Mwambie baba yako amekonda. Mkwe akikonda, watu hawasemi kazi ni ngumu. Wanasema binti yangu hajui kulisha. Na tena wanasema amekonda tangu mama mkwe aje."

"Mwambie sijakonda. Ni shati ndiyo kubwa."

"Mwambie siku alileta ng'ombe nilimchungulia dirishani. Shati lilikuwa linamtosha."

Na hapo, kabla mtu wa kwetu hajajua kama inaruhusiwa kucheka, kicheko kilitokea juu ya ukuta. Mjane. Alikuwa anacheka mpaka mabati yanagonga. Kumbe ile nyumba ilikuwa na masikio pia. "Nyar Sondu!" akaita. "Mwizi wako umemwona?"

Mama alikuwa ameinama juu ya jiko, uso ameuficha kwa leso. Baba akaninong'oneza, nami nikatangaza kwa pande zote mbili kwamba baba amesema kichwa kipelekwe nyumba ya pili. Mama akakichukua kwa mikono miwili, akatoka nacho. Tulisikia mlango wa jirani ukifunguliwa. Tukasikia, "Dada, nisamehe." Halafu, "Umesahau ugali." Nikatumwa mbio na ugali.

Nyanya alifungua kibeti chake usiku huo huo, hakuondoka. Alihudhuria kliniki mpaka daktari akamtoa kitambaa. Jioni zilizobaki mama alipakua mbele ya kila mtu, akitaja kwa sauti: hiki cha baba, hiki cha nyanya, na mifupa nitaikagua mimi. Siku ya safari baba alitangulia barabarani na mzigo, bila kugeuka, kama desturi inavyotaka. Nyanya akamtazama mgongo kwa macho mawili. "Mwambie baba yako," akaniambia, "shati limeanza kumtosha."

Mwaka jana tulimzika. Mjane alikuja Sondu na kitanda kile kile, cha wageni kulalia.

Sasa tuko kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Meza ina nafasi pande zote nne. Baba anakula akifika, mama ameshakula, kaka zangu wanakula wamesimama wakielekea mpirani. Chakula kinafunikwa kabatini na kila mtu hupata kipande chake bila kukilinda. Hakuna anayemshuku mwenzake. Nilipokuwa bwenini nilidhani hiyo ndiyo nitakayoikumbuka, nafasi. Sikuikumbuka hata siku moja.

Basi nikamwomba mama kile kitambaa.

"Cha nini?"

"Cha viatu."

Akaniangalia kwa lile jicho la zamani. Hakuniamini hata kidogo. Nikamwonyesha pindo: kulikuwa na doa la mafuta, pana kama kiganja, la rangi ya chai. Mama akalishika, akalileta puani. Akanusa kwa muda. Nami nikanusa. Sabuni tupu.

Akalichana pazia vipande viwili kwa meno na mikono. Kipande cha juu, chenye maua safi, akanipa. Kile chenye doa akakikunja kidogo kidogo.

"Viatu havina haja na hiki," akasema.

Madirisha aliyamalizia kwa gazeti. Mimi nimetafuta kile kipande chini ya godoro lake, nyuma ya kabati, hata ndani ya Biblia. Sijakiona. Amekificha, na ninamshuku kwamba akibaki peke yake nyumbani hukitoa, akakinusa tena.