Siri Yangu ni Hawa

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya Malaba, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa nimetoka mafunzo ya ushauri, ambako sheria moja tulikaririshwa mpaka ikatukaa kichwani: majibu ya kipimo cha ukimwi huambiwa mtu mmoja, peke yake, mlango umefungwa. Niliiamini. Nilishaona watu wakifukuzwa nyumbani kwa neno lililomponyoka mhudumu.

Asubuhi moja mjane muuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port alikuja kuchukua majibu yake. Alifuatana na mama mkwe wake na mke mwenzake, wakaingia wote watatu.

"Mama, hawa wangoje nje kidogo," nikamwambia.

"Hapana, sista. Nikisikia peke yangu, nitafikaje nayo nyumbani?"

"Sheria inasema hii ni siri yako."

"Sawa. Siri yangu ni hawa."

Nikamgeukia mke mwenzake, nikidhani ataona haya, atoke. Akasema polepole, "Mume wetu alikuwa mmoja. Ukimwambia huyu, na mimi umeniambia. Sema tu, sista."

Nikafunga mlango tukiwa wanne, nikasema. Mjane alikuwa na virusi. Nilingoja kilio, nilingoja lawama. Bibi mzee akafungua kitambaa chake cha kichwa, akampangusa mkwewe uso, kisha akaniuliza, "Sasa sisi tufanye nini?"

Sisi! Mafunzoni hakuna aliyetuandaa kwa swali hilo.

Mke mwenza naye alipimwa. Hakuwa na virusi. Hata hivyo alimhamishia mwenzake nyumbani kwake, na kifua kikuu kilipomshika mgonjwa, yeye ndiye aliyesimamia dawa zake mpaka akapona kifua. Dawa za virusi zenyewe hatukuwa nazo wakati ule. Mjane alifariki baadaye, mikononi mwa watu wake.

Taratibu zetu zilipojadiliwa wilayani, nilisimama nikaeleza niliyoyaona.

"Na anayetaka kusikia peke yake?" mkubwa wetu akauliza.

"Tumuulize mwenyewe."

Wakakubali. Tangu hapo tulimuuliza kila mtu angependa nani akae naye. Wengi walijibu hakuna, tukafunga mlango. Dereva mmoja wa lori aliomba nimwitie mama mwenye loji aliyolala, mtu asiye hata wa kabila lake. Mama yule aliacha chapati jikoni akaja mbio, mikono imejaa unga, akaketi karibu naye.