Mzawa kwa Baba, Shamba kwa Mama

Wakati wa ujamaa, kumuuliza mtu kabila lake hadharani ilikuwa ni kukosa adabu. Sote tulikuwa ndugu. Ujamaa ulipokwisha na vyama vingi vikaingia, sheria ikakataza vyama vya siasa vya kikabila. Basi makabila yakapitia uani, yamevaa fulana za vyama vya kuzikana.

Sisi Waluguru tulichelewa. Pale Morogoro mjini, watu wa kaskazini walikuwa tayari na maturubai, viti vya plastiki na diwani wao. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, akaingiwa na wivu, akaanzisha umoja wa wazawa na kujipa uenyekiti. Katiba aliiazima kwa hao hao watu wa kaskazini, akabadilisha jina la mlima tu. Ikasema mzawa ni yule ambaye baba yake ni mwenyeji.

Sasa, kwetu Uluguru mtoto ni wa mama. Ukoo, tunaouita lukolo, hupita kwa mama, na ardhi huufuata. Baba yangu alikuwa Mluguru, mama yangu ni Mgogo. Wagogo husema mimi ni wa kwa baba. Waluguru husema ni wa kwa mama. Baba alipofariki, shamba lake la migomba kule mlimani lilikwenda kwa mtoto wa dada yake, yaani huyo huyo binamu, ambaye baba yake ni Mngoni wa Songea. Liliniuma. Shamba lile nimelilima na baba tangu nilipoweza kushika jembe, na nalitaka mpaka leo.

Siku ya mkutano binamu, ambaye alikuwa anautaka udiwani, aliisoma katiba kwa sauti ya mnadani. Bibi mmoja aliyeshuka kutoka mlimani akaangua kicheko.

"We mwanangu, si baba yako Mngoni? Na hawa wenzio, baba zao wametoka wapi? Basi humu mzawa ni huyu mtoto wa Mgogo!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikasimama.

"Mwenyekiti, kama mzawa ni mimi, shamba la baba unanikabidhi lini?"

Kicheko kikakatika. Binamu akajifuta jasho, akatabasamu kama muuza mitumba.

"Dada yangu, usichanganye mambo. Katiba ni siasa. Shamba ni mila."

Wakampigia makofi, wallahi. Kifungu hakikufutwa; kiliongezewa maneno "isipokuwa mwenyekiti".

Uchaguzi ulipokaribia alikuja kwangu kuomba kura. Akanikumbusha kwamba sisi ni damu moja, akatua mkungu wa ndizi mlangoni. Niliutambua kabla haujagusa chini, maana mgomba ule tuliupanda na baba, pale juu ya kijito. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa ndizi za baba yangu.