Mama Aliyeonja Uji Kabla ya Mgonjwa

Wasomaji wangu, yule mama wa uji ametutoka. Presha ilimwangusha ghafla, na habari iliponifikia nilikuwa nikinywa chai. Sioni haya kusema nililia. Alikuwa mjane wa milima ya Masisi aliyekimbia vita mpaka kambi ya wakimbizi ya Lac Vert, hapa Goma, kisha akajiunga na akina mama wa kanisa wanaowapikia wagonjwa wa kansa hospitalini. Kwetu mgonjwa hulishwa na jamaa zake. Sasa vita vikifunga barabara ya Sake na jamaa wakabaki ng'ambo, nani atainjika sufuria?

Siku moja nilimfuata, nikitafuta la kuandika. Tulimkuta mama mmoja mkulima, peke yake kitandani, amekonda. Daktari alikuwa amesema wazi: asipokula, mwili hautaihimili dawa. Lakini mgonjwa aligeukia ukuta. Uvimbe wake aliuita karuho, yaani sumu ya kutiliwa chakulani, kama tunavyoamini wengi wetu hapa Goma, tusidanganyane.

"Mama, chakula ya mutu mwenye sijue, siwezi kula," alisema.

Mimi nikaanza kumhubiria habari za kansa. Mama wa uji akanikanyaga mguu! Akamimina uji kikombeni, akanywa yeye kwanza, polepole, akimtazama mgonjwa usoni, kama afanyavyo mwenyeji yeyote muungwana huku kwetu kabla ya kumpa mgeni kinywaji.

"Kama iko sumu, tutakufa sisi wote wawili," akamwambia. "Na miye niko na watoto bado."

Mgonjwa akacheka, akapokea kikombe kile kile. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku zilizofuata, hata akapata nguvu ya kuanza dawa.

Nimeona misaada mingi mjini hapa: maturubai, mablanketi, magari meupe. Siibezi hata kidogo. Dawa za mgonjwa yule zililetwa na wafadhili, Mungu awabariki. Ila mtu aliyefukuzwa kwake na bunduki, jirani akiwa amemgeuka, atamwamini nani? Unaweza kumpa kila kitu akakiogopa. Hilo sisi wa kalamu na wa mikutano tunalisahau upesi sana.

Jana nilikwenda kilioni. Loo, aibu! Kwa kuwa kifo kilikuja ghafla, minong'ono ilishaanza: kalishwa karuho, na fulani ndiye aliyempa. Watu wa kabila hili walikaa huku, wa lile kule. Sufuria ya uji ilikuwa katikati, na hakuna aliyeigusa. Watoto wa marehemu walituangalia tu.

Ndipo akainuka mwanamke mmoja mwenye nywele fupi zinazoota upya. Nilichelewa kumtambua, kwa jinsi alivyonenepa. Alikuwa yule mgonjwa. Akamimina kikombe, akanywa akitutazama usoni mmoja mmoja, akafuta mdomo, akaninyooshea.

"Kunywa, papa. Ni vile mama alinifundisha."

Nilikunywa, nikampa wa kabila lile aliyekaa kule. Naye akanywa. Ndugu zangu, ukitaka kumsaidia mwenye hofu, anza kuonja wewe.