Wali Mweupe wa Mama Ukoko

Mpishi wa karakana yetu ya ushonaji tulimwita Mama Ukoko, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Akishatupakulia sote, alibaki jikoni, akainamia sufuria kubwa na kijiko chake cha chuma, akabandua ukoko wa chini na kuutafuna akiwa amesimama. Mlio wa meno yake tuliusikia hadi mezani. Ukimwambia aje akae kama watu, anakujibu kwamba mezani kuna maneno mengi na ukoko hautaki maneno.

Alikuja pale akiwa mjane mwenye mabinti wawili, akaomba kazi ya kushona vifungo. Vifungo vikamshinda siku ile ile. Kesho yake mpishi wa zamani hakutokea, mama huyu akaingia jikoni bila kutumwa na mtu, akapika, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za vifungo. Mabinti wake aliwasomesha kwa sufuria ile. Mmoja sasa ni mkunga, mwingine ameolewa mbali na hupiga simu kila mara kuuliza mama amekula nini.

Sasa, watu wa karakana yetu ni wa kila pembe, na hakuna kitu kinachomtangaza mtu alikolelewa kama sahani ya wali. Mzee wetu wa kupiga pasi, tuliyemwita Pasi, anakula wali kwa sukari. Sukari! Mara ya kwanza nilipomwona akiinyunyiza nilidhani amekosea kopo, nikamshika mkono. Akanitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye mgonjwa. Mkata vitambaa, ambaye jina lake ni Mkasi, yeye ni ndimu na pilipili mpaka jasho limtoke. Dada wa vifungo anamwagia maziwa ya mgando, tena mengi, mpaka wali unaogelea. Mimi nimelelewa na mama aliyetia chumvi na mafuta kwenye maji kabla ya mchele, na hadi leo naamini kwamba wali usiotiwa chumvi sufuriani ni mchele uliolowa tu. Nilisema hivyo mezani, nikaitwa mshamba. Nami nikawaita wao washamba, tukaendelea kula.

Aliyetupatanisha ni Mama Ukoko. Kuna mwaka aliugua mafua mabaya, akalala nyumbani siku nyingi, na aliporudi kazini alipika wali mweupe pe, bila chembe ya chumvi, akapanga makopo katikati ya meza: chumvi, sukari, samli, pilipili, pamoja na ndimu na bakuli la mgando. "Kila mtu na kwao," akasema. Tulimsifu mpaka akaona haya. Mkasi alisema mama yule angefaa kuwa balozi.

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Tulipanga nyumba moja, ukuta kwa ukuta, na jioni moja nilimpelekea chai. Kwa haraka zangu nilikuwa nimetia chumvi badala ya sukari. Akainywa yote, akashukuru. Mimi nilipoonja yangu niliitema, nikamtazama. Akaweka kikombe chini, machozi yakamtoka. Mafua yalikuwa yameondoka na ulimi wake. Hasikii chumvi, hasikii sukari, hasikii hata harufu ya kitu kinachoungua. Daktari alimwambia asubiri. Alisubiri, na hakikurudi kitu. Hata ukoko aliutafuna kwa ajili ya mlio tu.

"Mpishi asiyeonja ni nini, shoga?" akaniuliza. "Wakijua, wataniondoa. Na mimi sina mahali pengine, lile jiko ndilo kwangu."

Nilimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo kisubiri, yeye ana watu wa kulisha. Ningefanya nini? Nilimpenda. Basi kuanzia hapo nikawa mtu wa kiu. Kila siku kabla ya chakula nilikwenda jikoni eti kunywa maji, nikaonja mboga, nikamwonyesha kwa jicho: ongeza, au acha hapo hapo. Wali haukuhitaji kuonjwa. Makopo yalikuwa yanamlinda.

Kisha akaja msimamizi mpya, binti mmoja nadhifu ambaye hata vitambaa chakavu alivipanga kwa safu. Tukamwita Bi Mstari. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alikuta siafu wameifuata sukari ya Pasi toka mezani hadi kwenye robota la kitambaa cheupe, akapiga kelele, na haki alikuwa nayo. Akaamuru makopo yaondoke. Wali utiwe chumvi sufuriani, watu wale kitu kimoja. Nusu ya moyo wangu ilishangilia, sitaficha, maana hatimaye mama yangu alikuwa ameshinda. Halafu nikaona uso wa Mama Ukoko, ile furaha ikaniisha.

Tulijitahidi. Sasa nilionja mboga na maji ya wali pia, na Mkasi alianza kuniuliza kama nina ugonjwa wa sukari kwa kiu ile. Pasi alikula wali wake wa chumvi kimya kimya, kama mtu anayemeza dawa.

Ikafika siku nikampeleka mwanangu kung'olewa jino. Niliporudi karakanani wenzangu walikuwa wamekwisha kaa mezani. Nikatia kijiko cha kwanza kinywani. Chumvi ilinipanda hadi masikioni! Nikainua macho polepole. Pasi alikuwa anatafuna amefumba macho. Mkasi alikunywa bilauri ya maji, akajaza nyingine. Hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa dada wa vifungo, aliyesema kwa sauti nyembamba, "Leo wali umechambuka kweli."

Mama Ukoko alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hakutazama sahani zetu, alitazama jagi la maji.

"Hili jagi nimelijaza sasa hivi," akasema. "Nani kalimaliza?"

Mkasi akaificha bilauri yake chini ya meza.

"Nimetia mara mbili, eh?"

"Aa wapi, mama!" Mkasi akasema, sauti imemkauka. "Leo ndiyo umepatia." Akajaza kijiko pomoni na kukitia kinywani mbele ya macho yake. Wengine wakafuata. Nilitamani kuwakumbatia wote, washamba wale.

Ndipo Bi Mstari, ambaye alikuwa mwisho wa meza, akaweka kijiko chini. "Lakini mama," akauliza, bila ubaya wowote, "hukuonja?"

Mama Ukoko akanitazama. Mimi nikatazama sahani. Akafungua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya binti yule.

"Siwezi kuonja, mwanangu. Ulimi wangu umekufa tangu yale mafua. Asubuhi ulipokuja kuniuliza habari za gesi, nikasahau kama nimetia au bado, nikatia. Mpishi mwingine angeonja. Mimi ndiyo hivyo."

Pasi ndiye aliyesema kwanza, na mzee yule si mtu wa maneno.

"Yaani muda wote huu, dada?"

"Muda wote."

"Na wali ulikuwa unaiva vile vile?"

"Wali nauona, kaka. Na maji yakikauka nayasikia."

Pasi akamgeukia Bi Mstari. "Binti yangu, kuivisha anajua. Ladha tulikuwa tunatia wenyewe. Turudishie makopo, meza tutaifuta sisi."

Bi Mstari aliitazama ile aproni, akaisukuma irudi kwa mwenyewe. "Makopo yarudi," akasema. "Yawe na vifuniko."

Mama Ukoko hakuichukua. "Na mboga je? Kesho ni maharage. Maharage hayana cha kila mtu na kwao. Siku zote alikuwa ananionjea huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

"Huyu?" Mkasi akaruka. "Huyu aliyelelewa kwa chumvi? Ndiyo maana mboga zilikuwa zinatuwasha koo! Nitaonja mimi."

"Wewe ulimi wako uliungua na pilipili zamani," dada wa vifungo akamwambia. "Nitaonja mimi."

Pasi akasema ukubwa ni dawa, mzee ndiye wa kuonja. Mimi nikasimama, nikapiga meza, nikawatangazia kwamba kijiko kile ni changu na sikiachi. Bi Mstari alikuwa anasema kitu kuhusu zamu, lakini hakuna aliyemsikia.

Mama Ukoko akajifuta uso kwa ile aproni, akajifunga, akatufokea. "Nyamazeni! Mimi sijafa. Leteni sahani hizo nimwage, niwapikie mwingine."

Hakuna aliyempa sahani. Tuliula wali ule mpaka punje ya mwisho, Bi Mstari naye, na mchana kutwa hapakuwa na cherehani iliyokwenda kitambo bila mwenyewe kuinuka kwenda kunywa maji.